Nadharia tete yako ni moja, majina yake ni mengi

Swali: Ninaandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Nataka kujua kama maoni ambayo walimu huyaandika kwenye insha za wanafunzi yanawasaidia kuliko kupewa alama tupu. Kitabu kimoja cha mbinu za utafiti kinataja aina nne za nadharia tete, kingine saba, na mhadhara niliousikiliza ulitaja tisa. Nilichagua "nadharia tete sahili" kwa sababu ilionekana nyepesi. Msimamizi wangu amenirudishia kazi akiwa ameandika pembeni: "Sifuri yako iko wapi? Na huu mwelekeo umeutoa wapi?" Nichague aina gani? Na matokeo yakija kinyume na nadharia tete yangu, utafiti umeanguka?

Jibu: Usichague. Hapo ndipo ulipojikwaa, na hukujikwaa peke yako. Nimesoma mapendekezo mengi yenye aya nzima inayoeleza kwa nini mtafiti "ameamua kutumia nadharia tete sahili badala ya nadharia tete yenye mwelekeo", kana kwamba hizo mbili zinagombea kiti kimoja. Mtu anaweza kuwa kifungua mimba, mrefu, na wa mkono wa kushoto kwa wakati mmoja, na hakuna anayemlazimisha achague moja.

Tuchukue nadharia tete yako, yaani jibu unalolikisia na unalotaka kulipima kwa data, niiandike kwa sentensi moja kama nilivyoielewa: "Wanafunzi wanaopewa maoni ya maandishi huandika insha bora kuliko wanaopewa alama tupu." Ina kigeu huru kimoja (kinachodhaniwa kuleta badiliko), yaani aina ya mrejesho, na kigeu tegemezi kimoja (kinachopimwa kama kimebadilika), yaani ubora wa insha, basi ni sahili. Inasema kundi lipi litalizidi lipi. Basi ina mwelekeo. Inadokeza kuwa maoni ndiyo yanayoleta ubora. Basi ni ya usababishi. Na siku ya kupima data itasimama upande wa pili wa sifuri, yaani dai la kwamba hakuna tofauti. Basi ni mbadala. Sentensi moja imeshabeba majina manne.

Ndiyo maana hesabu za vitabu hazilingani. Orodha ya aina saba kwa kawaida ni maswali manne tofauti yaliyomwagwa kwenye kapu moja. Una vigeu vingapi? Unataja upande au hutaji? Unadai uhusiano tu, au unadai chanzo? Na sentensi hii ina kazi gani wakati wa kupima? Mwandishi mmoja akigawa jibu la swali la tatu mara mbili, orodha yake inarefuka. Mwingine akisahau swali la pili, inafupika. Hakuna haja ya kukariri orodha ya mtu yeyote. Ukiweza kuyajibu maswali hayo manne kuhusu sentensi yako, utakuwa umeshawajibu wote, msimamizi wako akiwemo.

Neno lenyewe linasaidia zaidi ya fasili nyingi. Tete ni kisichokomaa bado, kama punje changa, na watangazaji wanaposema "hali tete" wana maana ya hali inayoweza kuvunjika wakati wowote. Nadharia tete ina sifa zote mbili: haijakomaa, na inavunjika. (Wapo wanaosema haipothesia, na sina ugomvi nao, ila neno hilo halikuonyi chochote.) Sentensi isiyoweza kuvunjwa na data yoyote haifai hapa, hata ikiwa na ukweli ndani yake. "Maoni ya walimu yanaweza kuwa na mchango katika ujifunzaji" haiwezi kuvunjika kwa sababu "yanaweza" hukimbilia kila upande. Karl Popper alijenga falsafa nzima ya sayansi juu ya jambo hili katika kitabu chake cha 1934: dai la kisayansi hutambulika kwa kuwa tayari kukanushwa.

Kwa hiyo kabla hujashughulika na majina, shughulika na "insha bora". Bora kwa kipimo gani? Alama walizotoa wasahihishaji wawili wasiojua mwanafunzi yuko kundi gani? Idadi ya makosa? Mpangilio wa hoja? Na bora lini, kwenye insha inayofuata au mwisho wa muhula? Mpaka ujibu, hakuna kitu cha kupima, na mjadala wa aina ni mapambo.

Sasa sifuri, ambayo ndiyo inayowasumbua wengi kwa sababu inasema jambo ambalo mtafiti mwenyewe haliamini. Wewe unaamini maoni yanasaidia, halafu unaambiwa uandike "Hakuna tofauti". Inaonekana kama kujipinga. Njia nzuri ya kuielewa ni kurudi kwenye kikombe cha chai.

Mwanatakwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1935, alieleza kisa cha mwanamke aliyedai kwamba akionja chai ya maziwa anajua ni kipi kilichotangulia kikombeni, chai au maziwa. Utampimaje? Unaandaa vikombe 8, vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, unavichanganya, unamwambia achague vile vinne vya maziwa. Angalia Fisher hakuanza kwa kusema "mama huyu ana kipaji". Kipaji cha kiasi gani? Akipatia vyote? Akipatia vitatu? Dai hilo halina namba. Alianza na dai la kinyume: mama huyu hana uwezo wowote, anabahatisha. Dai hili lina namba kamili. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya 8, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70, karibu asilimia 1.4, ya kupatia vyote. Akipatia vyote, maelezo ya kubahatisha yanakuwa mazito kuyaamini. Akipatia vitatu na kukosa kimoja hali ni nyingine, kwani kuna njia 16 za kufika hapo. Ukijumlisha na ile moja kamili unapata 17 kati ya 70, karibu asilimia 24. Hata mbahatishaji hufika huko mara kwa mara.

Hiyo ndiyo kazi ya sifuri. Imewekwa ili ipigwe, na imechaguliwa kwa kuwa inatoa hesabu. Huhitaji kuiamini, kama vile mwindaji asivyohitaji kumpenda swala anayemlenga. Fisher ndiye aliyeipa jina hilo katika kitabu hichohicho, akasisitiza kwamba sifuri haithibitishwi kamwe. Inaweza tu kukanushwa. Ndiyo maana usije ukaandika "nadharia tete sifuri imekubaliwa". Andika kwamba data hazikutosha kuikataa. Mama akikosa vikombe viwili hujathibitisha kuwa hana kipaji. Pengine anacho kidogo, na vikombe 8 vilikuwa vichache mno kukionyesha.

Nadharia tete mbadala ililetwa na wanatakwimu wengine. Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika kazi zao zilizofikia kilele mwaka 1933, walisema haitoshi kuwa na sifuri peke yake; lazima useme unaipima dhidi ya nini, maana bila hapo huwezi kuhesabu hatari za makosa. Kosa la kwanza ni kuikataa sifuri iliyo kweli. Kosa la pili ni kushindwa kuikataa sifuri isiyo kweli. Fisher hakukubaliana nao mpaka alipofariki. Tunachofundishwa leo, H0 (sifuri) ikiwa juu na H1 (mbadala) chini yake, ni ndoa ya watu waliokuwa hawaelewani, na mkanganyiko unaouona katika vitabu kwa sehemu unatoka hapo. Kiwango cha 0.05, yaani kuikataa sifuri pale ambapo bahati ingetoa data za namna hiyo chini ya mara 5 kwa 100, kilienezwa na Fisher. Mbadala na makosa mawili ni ya wenzake. Kisha waandishi wa baadaye wakavifunga pamoja kana kwamba vilizaliwa nyumba moja.

Usisahau pia thamani ya p inasema nini. Ni uwezekano wa kupata data kama zako, au zilizo mbali zaidi na sifuri, endapo sifuri ingekuwa kweli. Haisemi uwezekano wa sifuri kuwa kweli. Chama cha Wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2016 kukumbusha jambo hili na mengine ya jinsi hiyo, kwa hiyo usione haya kama lilikuwa linakuchanganya.

Na kuna mtego mwingine, wa kale kuliko neno lenyewe. Mwaka 1710 daktari John Arbuthnot alichapisha hesabu za ubatizo wa London za miaka 82 mfululizo, ambapo kila mwaka wavulana waliwazidi wasichana. Akasema: kama ingekuwa bahati tu, kama kurusha sarafu, isingewezekana upande mmoja ushinde mara 82 bila kukosa. Hapo alikuwa sawa kabisa, na kimsingi alikuwa ameikataa sifuri zaidi ya miaka 200 kabla haijapewa jina. Kisha akahitimisha kwamba huo ni uthibitisho wa maongozi ya Mungu. Sipingi imani yake. Ninachosema ni kwamba data zake hazikufika huko. Ziliondoa bahati ya sarafu, basi, na kuacha mlango wazi kwa maelezo yote mengine. Na wewe utakapoikataa sifuri yako, utakuwa umeonyesha kwamba makundi mawili yanatofautiana kuliko bahati inavyoeleza. Kwamba tofauti imeletwa na maoni ya mwalimu, hilo linategemea ulivyopanga utafiti.

Hapo tunaingia kwenye usababishi, na ninaomba ukae hapa kidogo. Tazama kitenzi chako. "Huhusiana", "huambatana" na "huenda pamoja" ni vitenzi vya uhusiano. "Huongeza", "hupunguza", "huboresha" na "huathiri" ni vitenzi vya chanzo. Wanafunzi wengi huandika vya pili huku data zao zikimudu vya kwanza tu. Ukienda shuleni ukakusanya insha ambazo walimu wameshazisahihisha kwa mapenzi yao, nakuhadharisha kwamba unaweza kukuta insha zenye maoni mengi zaidi ndizo mbovu zaidi, na waandishi wake wakaendelea kuwa nyuma muhula mzima. Je, maoni yanaharibu? Hapana. Mwalimu huandika mengi pale anapoona makosa mengi. Udhaifu ndio umeleta maoni, nawe umeusoma mshale kinyumenyume. Kama wewe ndiye utakayeamua kwa kura nani apate maoni na nani apate alama tupu, kitenzi cha chanzo ni halali yako. Kama hutaweza, andika nadharia tete ya uhusiano na useme wazi kuwa ndiyo. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kuandika "huathiri" halafu sura ya tatu, ile ya mbinu, ionyeshe dodoso moja lililojazwa mchana mmoja.

Suala la sahili na changamano ni jepesi. Vigeu viwili, sahili. Zaidi ya hapo, changamano. Nitakuonya jambo moja tu: usifunge matokeo mawili kwa "na". "Maoni huboresha insha na huongeza ari ya kuandika" italeta shida pale insha zitakapoboreka na ari isisogee. Utasema imeungwa mkono au imekataliwa? Zitenganishe ziwe mbili. Changamano lenye faida ni lile linaloeleza kwa njia gani au kwa nani. Ukisema maoni huboresha insha kwa sababu humfanya mwanafunzi arudie kuandika, marudio ni kigeu cha kati, na unaweza kuyahesabu. Ukisema maoni huwasaidia zaidi wanaoanza na alama za chini, kiwango cha awali ni kigeu kinachobadilisha nguvu ya uhusiano. Binafsi naona hii ya pili ingeipa tasnifu yako uzito kuliko swali la jumla la kama maoni yanasaidia, lakini uamuzi ni wako, na sampuli lazima iwe kubwa zaidi.

Sasa lile swali la pili la msimamizi: mwelekeo umeutoa wapi? Nadharia tete isiyo na mwelekeo husema makundi mawili yatatofautiana, basi. Yenye mwelekeo husema lipi litakuwa juu. Kitakwimu, ya kwanza hupimwa kwa mikia miwili, yaani kuhesabu tofauti ya upande wowote, na ya pili inaweza kupimwa kwa mkia mmoja, yaani upande uliotabiriwa tu, na mkia mmoja huvutia kwa sababu hurahisisha kufikia 0.05. Mtu akipata p ya 0.08 kwa mikia miwili, akigeuza kuwa mkia mmoja inakuwa 0.04, na ghafla ana "matokeo". Kugeuza baada ya kuona data ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa moyo safi.

Tatizo kubwa zaidi la mwelekeo ni kwamba hutufumba macho tusione upande wa pili. Miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kwamba wagonjwa waliowahi kupata shambulio la moyo, wakipewa dawa za kutuliza mapigo yasiyo ya kawaida, wangepungukiwa na hatari ya kufa ghafla. Mantiki ilikuwa safi: mapigo hayo huandamana na vifo, dawa huyazima, kwa hiyo vifo vitapungua. Jaribio kubwa lililojulikana kwa kifupi kama CAST likalipima dai hilo. Mwaka 1989 matumizi ya dawa mbili, encainide na flecainide, yalisimamishwa ndani ya jaribio. Ripoti kamili ya 1991 ilionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, dhidi ya 26 kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa zilizima mapigo kama zilivyotarajiwa, na watu wakafa zaidi. Nadharia tete inayoangalia upande wa nafuu peke yake ingeyaweka matokeo hayo kwenye chumba kimoja na "hakuna tofauti".

Huo ni pia mwanzo wa jibu la swali lako la mwisho. Dai lililopimwa katika CAST lilianguka vibaya. Je, utafiti ulianguka? Kwa maoni yangu ni miongoni mwa majaribio yenye manufaa zaidi kuwahi kufanywa kuhusu moyo, kwa sababu madaktari waliacha kuandika dawa hizo kwa wagonjwa wa namna hiyo. Utafiti huanguka ukipangwa vibaya kiasi kwamba matokeo yoyote yakija hatuwezi kuyasoma. Wanafunzi 12 katika kila kundi, kwa mfano, hawatakuambia mengi hata kama maoni yanasaidia kweli. Utapata "sifuri haikukataliwa", nawe hutajua kama ni kwa sababu athari haipo au kwa sababu chujio lako lilikuwa na matundu makubwa. Fanya hesabu ya ukubwa wa sampuli kabla.

Usije pia ukafanya kile ambacho mwanasaikolojia Norbert Kerr alikiandikia makala mwaka 1998: kutunga nadharia tete baada ya kuona matokeo, kisha kuiandika kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo. Ukigundua jambo usilolitarajia, liripoti kama ugunduzi unaongoja kupimwa na data nyingine. Siku hizi watafiti wengi husajili nadharia tete zao hadharani kabla ya kukusanya data, na hata kama chuo chako hakikulazimishi, barua pepe yenye tarehe kwa msimamizi wako inatosha kukulinda na nafsi yako.

Mambo mawili madogo kabla sijakuachia kalamu. Kama lengo lako moja ni kuwahoji walimu wanavyofikiri wanapoandika maoni, lengo hilo halihitaji nadharia tete. Lipe swali la utafiti na uliache hivyo. Sifuri ya kulazimisha juu ya mahojiano ni kama kupima maziwa kwa rula. Na kama siku moja utataka kuonyesha kwamba njia mbili zinalingana, tuseme maoni ya sauti ni mazuri sawa na ya maandishi, usitegemee kushindwa kuikataa sifuri ya kawaida. Hapo kazi inageuka: sifuri ndiyo inayosema tofauti ni kubwa kuliko kiwango fulani, na kiwango hicho unakiweka wewe mapema, kwa sababu unazoweza kuzitetea.

Ningekuwa wewe, ningempelekea msimamizi hivi:

H0: Wastani wa alama za insha ya mwisho wa muhula haupishani kati ya wanafunzi waliopangiwa kwa kura kupata maoni ya maandishi na waliopangiwa kupata alama tupu.

H1: Wastani wa alama za insha ya mwisho wa muhula unapishana kati ya makundi hayo mawili.

Halafu chini yake, kwa sentensi ya kawaida isiyo na herufi wala namba, sema unatarajia kundi la maoni liwe juu, na kwa nini, ukitaja tafiti ulizozipitia katika sura ya pili. Kwa njia hii mwelekeo unabaki kama dai lako, na jaribio linabaki na macho mawili. Akikuuliza tena umeutoa wapi, mfungulie ukurasa. Ukikuta huna ukurasa wa kumfungulia, futa sentensi hiyo ya matarajio na uache H1 kama ilivyo.